Simiyu: Safari Mbili za Mwanzo wa Kiangazi

Wahenga walinena kuwa mgeni njoo mwenyeji apone. Methali hii tumeifundishwa tangu shule ya msingi kuwa ni sifa ya ukarimu, nasi huipachika katika insha zetu bila kujiuliza ni nani hasa anayepona, na anapona nini. Nchini Kenya hakuna msimu unaoitia methali hii katika mizani kama mwezi wa Disemba. Shule zimefungwa, mvua za vuli zinaaga, mavuno yako ghalani au yanaanikwa juani, nalo jiji la Nairobi huwarudisha wanawe makwao kwa mabasi yaliyofurika. Familia changa, ambayo mwaka mzima imejibana katika vyumba viwili vya kupanga, hugundua ghafla kuwa ina jamaa katika pembe mbili za nchi, na kwamba kila upande unadai haki ya kuonwa, kulishwa na kuamkiwa. Katika makala haya nakusudia kusimulia jinsi familia yangu ilivyosherehekea mwanzo wa kiangazi cha Disemba 2024, na swali ambalo safari zetu mbili zilituachia. Naamini ni swali linalomhusu kila mwanafunzi wa Kiswahili aliye na jamaa mashambani.

Kwanza nieleze asili yetu. Mimi ni Mbukusu, mzaliwa wa viungani mwa Kimilili, chini ya Mlima Elgon ambao watu wetu huuita Masaba. Mume wangu ni Mgiriama wa Kaloleni, katika kaunti ya Kilifi, nchi ya minazi. Tulikutana katika darasa la fonolojia, tukaoana, na Mwenyezi Mungu akatujalia watoto wawili: mvulana aliyekuwa na umri wa miaka minane wakati wa safari hizi, na msichana aliyetimiza minne mwezi huo huo. Mimi sijui Kigiriama, naye mume wangu hajui Kibukusu. Lugha tuliyopendania ni Kiswahili, na ndiyo tuliyowalelea wanetu. Jirani zetu wengi jijini huwasemesha watoto wao Kiingereza hata wanapowakemea. Sisi tuliamua kwamba katika nyumba yetu mtoto ataota ndoto zake kwa Kiswahili. Uamuzi huo sijaujutia hata siku moja.

Majina ya watoto nayo yalifuata mila za pande zote mbili. Kifungua mimba alipewa jina la babu yake wa Kaloleni, kama ilivyo desturi ya Wagiriama. Kitinda mimba alizaliwa mwezi wa Disemba, na hapo mama yangu hakungoja kushauriwa. Alipiga simu akasema kuwa mtoto ni Nasimiyu. Kwetu majina huandamana na majira. Aliyezaliwa wakati wa mvua ni Wafula au Nafula. Aliyezaliwa wakati wa njaa ni Wanjala au Nanjala. Msichana wa wakati wa mavuno ni Nekesa. Na aliyezaliwa kiangazini ni Simiyu akiwa mvulana, Nasimiyu akiwa msichana. Kwa hivyo siku ya kuzaliwa ya binti yetu huwa ni sherehe ya msimu wenyewe: jua limekuwa kali, vumbi limeanza kutimka barabarani, mahindi yametandazwa juu ya maturubai, na kila mwenye kuku anahesabu kuku wake.

Safari ya kwanza ilikuwa ya magharibi. Yeyote aliyewahi kusafiri kutoka Nairobi kwenda Bungoma katika wiki ya Krismasi anajua kuwa nauli hupanda kama mkwezi, ila haishuki upesi kama yeye. Kilomita zipatazo 400, kupitia Nakuru, Eldoret na Webuye, zilituchukua kutwa nzima. Mizigo yetu ilikuwa sukari, majani ya chai, unga wa ngano, leso mbili za Mombasa kwa ajili ya mama, nazi kumi na mbili, na kifurushi kimoja ambacho mume wangu alikishikilia mapajani kama mtoto mchanga.

Tulipofika tulipokewa kwa vigelegele. Baada ya kuketishwa, mume wangu alisimama kwa adabu zote za mkwe, akatangaza: "Wazee wangu, safari hii sikuja mikono mitupu. Nimewaletea mbuzi." Kwetu mkwe anapotaja mbuzi, jambo hilo si dogo. Ndugu yangu mmoja alitoka nje kumtafutia mnyama kamba. Mume wangu akafungua kifurushi chake na kutoa kigoda kidogo chenye chuma kilichochongoka meno mbele yake. Kumbe mbuzi mwenyewe alikuwa wa kukunia nazi! Wazee walicheka hadi machozi yakawatoka. Mjomba wangu mmoja, mtu mwenye maneno machache, alikizungukia kile kigoda mara mbili, kisha akauliza iwapo mbuzi huyo anazaa. Tangu siku hiyo, mume wangu anajulikana kijijini kwa jina la "mkwe wa mbuzi asiyelia".

Lakini licha ya mzaha huo, adabu za ukwe zilizingatiwa. Mama yangu na mume wangu hawakupeana mikono. Walisalimiana kwa mbali, macho yakitazama chini, kila mmoja akimhurumia mwenzake kwa uchovu wa safari. Alipochinjwa kuku, firigisi iliwekwa katika bakuli la mume wangu. Kwa Waluhya, kumwandalia mgeni wa heshima kuku asiye na firigisi ni sawa na kumwambia kwamba hakutarajiwa. Mume wangu, ambaye mara ya kwanza alidhani kwamba amepewa kipande kidogo kwa sababu ya uchache wa nyama, sasa huipokea kwa mikono miwili na kushukuru.

Watoto nao walikuwa na vituko vyao. Asubuhi ya pili, binti yangu alinijia akiwa amekunja uso. Alikuwa amewasikia binamu zake wakimwita nyanya yao "kukhu", ambalo ndilo jina la nyanya katika Kibukusu. Sikio lake la Kiswahili halikuipambanua ile sauti ya /kh/. Akaniuliza: "Mama, kwa nini nyanya anaitwa kuku? Tutamla?" Nilipompelekea mama swali hilo kwa Kibukusu, aliangua kicheko, kisha akasema kuwa hata hilo la "nyanya" halikumfurahisha kamwe, kwa maana huko sokoni nyanya huuzwa kwa mafungu. Hivyo basi mama yangu alijikuta kuku katika lugha moja na tunda la mchuzi katika nyingine. Alihitimisha kuwa akiongezewa kitunguu ataiva.

Msomaji mpendwa, laiti mambo yangekomea katika vicheko, nisingeandika makala haya. Ndani ya nyumba ile kulikuwa na kiti kimoja ambacho kicheko hakikukifikia.

Baba yangu alikuwa dereva wa malori kwa zaidi ya miaka thelathini, akisafirisha mizigo kutoka bandari ya Mombasa hadi mpaka wa Malaba. Alijua Kiswahili cha barabara nzima: cha makuli wa bandarini, cha wauza chai wa Mtito Andei, cha polisi wa vizuizini. Nilipomjulisha kuwa nimepata mchumba wa Kaloleni, ndugu zake walinung'unika kuhusu umbali. Yeye alisema kuwa amelala Mariakani usiku mwingi kuliko wanavyoweza kuhesabu, akisubiri lori lake lipimwe uzani, na kwamba watu wa huko ni watu. Kauli hiyo ndiyo iliyofungua mlango wa ndoa yangu. Kila alipoonana na mume wangu, wawili hao walizungumza Kiswahili hadi usiku wa manane, baba akikilegeza makusudi kwa lafudhi ya pwani.

Mnamo Mei 2024 baba alipatwa na kiharusi. Aliponea, lakini mkono wa kulia ulilegea na ulimi ukawa mzito. Maneno yalipoanza kumrudia, yalirudi kwa Kibukusu pekee, tena machache. Kiswahili hakikurudi. Wataalamu wa lugha na ubongo wameliandikia jambo hili tangu karne ya 19. Théodule Ribot alipendekeza kuwa lugha iliyojifunzwa kwanza ndiyo hudumu zaidi kumbukumbu inapoharibika. Naye Albert Pitres, mwaka 1895, akasisitiza kuwa lugha iliyotumiwa zaidi kabla ya ugonjwa ndiyo aghalabu hutangulia kurudi. Uchunguzi wa baadaye umeonyesha kuwa wagonjwa hutofautiana na kwamba hakuna kanuni moja inayowatosha wote. Niliyasoma hayo katika isimu nikayajibia mtihani. Sikuwa nimewahi kuyaona yakiketi katika kiti cha mwanzi chini ya mwembe wa nyumbani kwetu.

Alasiri moja, siku mbili kabla ya Krismasi, nilikuwa nikipukuchua mahindi pamoja na mama. Watoto walikuwa wakicheza karibu na babu yao. Nilimsikia akisema: "Kamechi." Mwanangu akamtazama. Baba akarudia: "Kamechi," akionyesha kwa mkono wake mzima upande wa jikoni. Mvulana akakimbia, akarudi na kijiti. Baba akatikisa kichwa. Akarudi na kikapu. Baba akafumba macho, akanyamaza. Alikuwa akiomba maji.

Nilinyanyuka nikampelekea. Niliporejea, mama hakuinua macho kutoka kwenye gunzi alilolishika. Alisema kwa sauti ya chini: "Masikio anayo mtoto huyu. Ila nyumba hii haimo ndani yake."

Nilijitetea, kwa kuwa nilikuwa na la kujitetea. Nilimweleza mama kwamba wanangu wana wazazi wenye lugha mbili tofauti, kwamba Kiswahili ndicho kilichotuunganisha, kwamba wenzetu wengi mjini wameshakitupa hata hicho na kushika Kiingereza. Nilimkumbusha kuwa Kiswahili hicho hicho ndicho alichotumia baba kumpokea mkwe wake. Mama alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza swali moja tu: "Ni nani aliyekuambia kuwa mtoto ana nafasi ya lugha moja?"

Swali hilo lilinikosesha usingizi usiku ule, si kwa sababu lilinishinda kulijibu, bali kwa sababu mimi ndimi niliyestahili kuliuliza. Sisi wapenzi wa Kiswahili tumezoea kupigana upande mmoja. Tunakitetea dhidi ya Kiingereza. Tunashangilia kuwa Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, ilikifanya lugha rasmi pamoja na kuwa lugha ya taifa. Tunaadhimisha kila tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, kama ilivyotangazwa na UNESCO mwaka 2021. Hayo ni mema. Lakini kifungu hicho hicho cha Katiba kinalitaka taifa likuze na kulinda uanuwai wa lugha za watu wa Kenya na kuendeleza lugha za kiasili. Sentensi hiyo haikuandikwa kwa ajili ya wizara pekee. Inaingia hata chini ya mwembe wa Kimilili, ambako mzee anaomba maji na mjukuu wake anamletea kijiti.

Kesho yake mama alichukua hatua bila ya kuunda kamati. Aliwatenga watoto wangu wawili na binamu zao, akatoa amri kuwa jikoni mwake hakuna atakayelishwa kwa lugha ya redio. Ukitaka ugali, sema busuma. Ukitaka maji, sema kamechi. Ukimwona mzee, anza na mulembe. Binti yangu, kwa kuwa ni mdogo, aliyanasa maneno kama gamba la mti linasavyo utomvu. Mvulana alikuwa mgumu. Alikwisha kuizoea hofu ya kuchekwa. Yeye aliniomba daftari. Alilichora safu tatu, akaandika juu yake Kiswahili, Kibukusu na Kigiriama. Safu ya kwanza aliijaza mwenyewe, ya pili akaijaza kwa kumfuata kukhu wake kila aendako, na ya tatu akaiacha tupu. Nilipomuuliza sababu, alinijibu kwamba hiyo ni ya Kaloleni, nayo haijafikiwa.

Krismasi ilikuwa njema. Tulikwenda kanisani asubuhi, tukarudi kula kuku, busuma ya wimbi na mrenda, kisha jioni tukamkatia Nasimiyu keki, ingawa siku yake ilikuwa imepita kwa juma moja. Nazi za mkwe zilikunwa kwa yule mbuzi asiyelia, wali ukaungwa, na wazee walioula walikubaliana kuwa ni mtamu lakini haushibishi. Ndugu yangu mkubwa alimpakata mwanangu akamwambia: "Wewe ni Mgiriama wa baba yako, sikatai. Lakini mimi ni khocha wako." Khocha ni mjomba, kaka ya mama. Katika jando la Wabukusu, ambalo hufanyika Agosti ya miaka shufwa, mvulana humwendea khocha wake kabla ya siku yake, naye humchinjia ng'ombe na kumvika shingoni kipande cha nyama kiitwacho luliki. Jamaa mwingine hawezi kukaimu nafasi hiyo. Mwanangu, ambaye mtaani kwetu huwaita wanaume wote "anko", alitaka kujua tofauti ya khocha na anko. Ndugu yangu alifikiri kidogo akasema: "Anko anaweza kuwa mtu yeyote mwenye gari. Khocha ni mimi."

Tarehe 28 tulipokuwa tukiaga, tulikwenda kumwamkua baba pale kitini. Mvulana alisimama mbele yake na daftari lake, akasema mulembe, kisha akahesabu kwa Kibukusu hadi tano. Alipofika chirano, midomo ya baba ilikuwa ikihesabu naye. Hakuna miujiza iliyotokea. Baba hakuinuka wala hakurejewa na Kiswahili chake. Aliushika mkono wa mtoto akaukawiza. Basi letu lilikuwa karibu kutuacha.

Safari ya pili ilikuwa ya mashariki. Tulipumzika Nairobi usiku mmoja, tukapanda treni ya asubuhi, ile isimamayo katika vituo vya njiani, nasi tukashuka Mariakani alasiri. Reli hii ilipoanza kubeba abiria mwaka 2017, mama mkwe wangu alisema kuwa sasa hatuna tena kisingizio. Kutoka Mariakani ni mwendo mfupi wa matatu hadi Kaloleni. Ukiingia huko hewa hubadilika: joto zito, pepo za kaskazi, minazi iliyopangana hadi upeo wa macho, maembe yameiva hata yanaozea chini. Tulibeba maharagwe, njugu na unga wa wimbi kutoka kwa mama. Undugu ni kufaana, si kufanana, na nadhani maharagwe yale na nazi zile yalikwisha kujuana kabla ya wazee wetu kuonana.

Mapokezi ya huko yalikuwa tofauti. Mimi sasa ndiye niliyekuwa mkaza mwana, na mume wangu akawa mtoto. Nilifunga leso yangu, nikaingia jikoni bila kuambiwa. Wifi zangu walinipokea kwa utani mtupu, wakitaka kujua iwapo bara kuna chakula au ni kuku tu. Mama mkwe naye alimpokea mwanangu kwa kumwita "mume wangu", akamlalamikia kuwa amemtelekeza mwaka mzima bila matumizi. Utani wa bibi na mjukuu haujui mipaka ya kaunti. Mama yangu alimtania vivyo hivyo kule Kimilili.

Jioni ya kwanza, bibi aliwauliza watoto iwapo watakula wari. Binti yangu aliruka kwa furaha, kwa kuwa wali ni chakula akipendacho kuliko vyote. Sahani ilipofika, palikuwa na sima na samaki. Akalia. Wari katika Kigiriama ni sima, yaani ugali. Si mchele uliopikwa. Kaka yake, badala ya kumcheka, alilikimbilia daftari. Katika mstari wa ugali aliandika: ugali, busuma, wari. Kisha akamwendea bibi yake na swali moja baada ya jingine. Maji? Madzi. Tano? Tsano. Mtu? Mutu. Babu? Tsawe. Alipomaliza, alikaa akaitazama kurasa yake kwa muda, akaniita. "Mama," akasema, "kamechi, madzi na maji ni kitu kimoja. Wameibadilisha tu njiani."

Ndugu zangu wanaisimu, mnajua kuwa kauli hiyo imewachukua watu wazima vitabu vizima. Guthrie aliziweka lugha za Kimijikenda katika kundi la E70, Kiswahili akakiweka G40. Wanaisimu wa baadaye, hasa Derek Nurse na Thomas Hinnebusch katika kitabu chao cha mwaka 1993 kuhusu lugha za Kisabaki, walionyesha kuwa Kiswahili na Kimijikenda ni ndugu wa toka nitoke, pamoja na Kipokomo na lugha za Komoro. Kibukusu kiko mbali zaidi katika ukoo huo mpana wa Kibantu, lakini shina la neno hilo la maji halikumtupa. Mtoto wa miaka minane aliliona hilo kwa kuwa alikuwa na nyanya wawili na daftari moja. Hakuwa na haja ya kuacha lugha moja ili aipate nyingine; alihitaji zote tatu ndipo azione zinavyofanana.

Siku ya mwaka mpya, ukoo mzima ulikusanyika chini ya minazi. Mbuzi alichinjwa, safari hii mwenye kulia. Wazee walikunywa mnazi, sisi tukanywa madafu. Hapo ndipo nilipoona tena jambo lililonisumbua tangu kauli ya khocha na anko. Vijana waliotoka Mombasa na Nairobi walimwita kila mwanamume "anko" na kila mwanamke "anti". Kiswahili hakina umaskini huo. Kina mjomba kwa kaka ya mama, na ami au baba mdogo kwa ndugu ya baba. Kina shangazi kwa dada ya baba, na khalati au mama mdogo kwa dada ya mama. Kina wifi, shemeji, mwamu na mwanyumba. Na ukishuka chini kina mjukuu, kitukuu na kilembwe. Kila neno kati ya hayo linabeba wajibu wake: nani atasimama harusini, nani atanyoa nywele za mtoto, nani anaruhusiwa kutaniwa na nani hatazamwi usoni. Lugha inapoyafumba maneno kumi kuwa mawili, haipotezi msamiati tu. Majukumu nayo hukosa wenyewe. Niliwaza kuwa hatari inayomkabili Kibukusu katika nyumba yangu ndiyo hiyo hiyo inayokikabili Kiswahili katika nyumba za wenzetu. Adui ni mmoja, nao ni uvivu wa kuita vitu na watu kwa majina yao.

Tuliporudi Nairobi, mume wangu nami tulikaa tukakubaliana. Kiswahili kitabaki kuwa lugha ya nyumba yetu. Hata hivyo, kila Jumapili jioni watoto hupiga simu mbili: moja Kimilili, nyingine Kaloleni. Simu ya Kimilili huchukua dakika chache tu, kwa sababu baba huchoka upesi. Mara nyingine husema neno moja, mara nyingine husikika akipumua tu. Mwanangu humsalimu mulembe, humweleza kuhusu hali ya hewa kwa maneno aliyo nayo, na akikwama humwita kukhu amsaidie. Binti yangu bado anasema "kuku", naye mama huitika. Daftari limefikia ukurasa wa tisa. Kuna mistari mingi ambayo safu ya Kibukusu ingali tupu, na yapo maneno ambayo hata mimi sina, hasa ya magari na barabara, ambayo baba aliyajua. Hayo tunayatafuta kwa mama na kwa khocha, tukijua fika kuwa muda si wetu.

Ndugu wanachama, wakati wa likizo wengi wenu mtafunga mizigo kama tufanyavyo sisi. Mtakwenda kwa babu na nyanya ambao wana maneno yasiyopatikana katika kamusi yoyote ya maktaba yetu. Nawasihi mbebe daftari. Si lazima liwe la utafiti, wala msingoje ufadhili. Chora safu mbili au tatu, uanze na majina ya jamaa waliomo nyumbani humo, umuulize kila mmoja wewe ni nani kwake na una wajibu gani. Ukiyarudisha chuoni, utakuwa na mada ya tasnifu. Usipoyarudisha, utakuwa angalau umejua umpelekee nani maji, naye ameyaombaje.